Mwaka Niliojifunza Kuogelea kwa Mkia wa Ng'ombe

Mwezi uliopita aliingia studio kwangu, hapa Bariadi mjini, mama mmoja mnene mwenye buibui jeusi. Hakupiga hodi wala hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha picha za pasipoti, akakaa, akaweka mkoba magotini na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. "Nipige," akasema, "ila nitoke nimekonda." Nikamjibu kwamba mashine zangu ni za picha, si za miujiza. Akacheka. Kicheko kile kilianzia juu puani na kushuka taratibu mpaka tumboni, na kabla hakijafika huko mikono yangu ilikuwa imeshaweka kamera mezani. Nilikuwa sijakisikia kwa miaka ishirini na ushei. "Mwanakombo?" Akasema, "Ehe! Nilidhani utanitoza kwanza ndipo unikumbuke." Tulikumbatiana mpaka kiti kikaanguka. Binti yake wa mwisho, Rehema, alikuwa amepangiwa kazi ya uuguzi huku kwetu, na yeye alikuwa amesafiri siku tatu kutoka Mafia aje aone kwa macho yake mahali mtoto wake atakapolala. Nilikataa katakata asifikie nyumba ya wageni. Nikamchukua kwangu, na wiki nzima aliyokaa sikufanya kazi ya maana hata moja.

Ni lazima niseme kwamba ujio wake ulinifaa kwa jambo jingine. Hapa Bariadi, nikisimulia kwamba kuna mwaka nilifanya kazi ya kupiga picha chini ya bahari, watu huitikia kwa upole, kama wanavyomwitikia mtu aliyekunywa mapema. Mafundi simu wa mtaani kwetu wameshanipa jina, Mama Papa, na wanadhani silijui. Sasa shahidi alikuwa amekuja mwenyewe, na nikamzungusha mji mzima.

Mwaka wenyewe nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nafanya kazi kwa Mzee Luhende, ambaye studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye joto la kuivisha mkate. Ukuta wa nyuma ulifunikwa pazia lenye bahari. Fundi aliyelichora hakuwahi kuona bahari na Mzee aliyeliagiza hakuwahi kuiona pia, kwa hiyo ilikuwa bahari yenye nyasi pembeni, na samaki mmoja aliyeruka juu ya maji akiwa na ukubwa wa ndama. Wakulima wa pamba kutoka Sapiwi na Itilima walilipenda pazia lile kuliko kitu chochote hapa mjini. Walisimama mbele yake wima, mikono imenyooka, viatu vipya vikiwa vimeoneshwa vizuri, na ole wako ukate viatu. Mzee Luhende alikuwa na sheria moja tu, na alinifundisha kwa kunipiga kikumbo kila nilipoisahau: mkanda una picha thelathini na sita, basi utoe picha thelathini na sita. Hakuna kupiga ya pili "kwa usalama." Unasubiri. Mteja akihema, unasubiri. Akipepesa, unasubiri. Akianza kucheka kwa sababu mkewe anacheka nyuma yako, unamwacha amalize kucheka, unasubiri tena. Mchana Mama Kulwa, mke wa Mzee, alituletea ugali na mboga ya mgagani, na hata wakati wa kula Mzee alinihesabia: "Umebakiza ngapi?" Nikijibu tisa, alitaka kuona wateja tisa.

Dokta Shija nilimkuta kwenye harusi. Alikuwa mtoto wa Nyalikungu, pale Maswa, aliyesoma mambo ya samaki mpaka akapewa udaktari wake, na alikuja Bariadi mwezi Januari kumwoza binamu yake. Mimi ndiye niliyepiga picha, nikiwa na mkanda mmoja kwa sherehe nzima. Wageni walikuwa wanasukumana, ngoma inalia, shangazi wa bibi harusi ananiamrisha nipige hili na lile, nami nasubiri zangu. Jumatatu yule bwana akaja studio, akaomba kuziona negetivu. Alizishika juu kwenye mwanga wa dirisha, akazihesabu kwa kidole, akarudia. Mwishowe akamgeukia Mzee Luhende. "Mzee, huyu binti hajaharibu hata moja." Mzee akajibu, "Kwa nini aharibu?"

Ndipo Dokta akatueleza shida yake. Alikuwa na kazi ya wiki sita kule Mafia, mwezi wa kumi, ya kupiga picha samaki mmoja mmoja kwenye miamba ya matumbawe, ili waje kulinganishwa madoa yao miaka inayofuata na ijulikane nani bado yupo na nani ameondoka. Mtu ukishazama na kamera huwezi kubadilisha mkanda kule chini. Unashuka na picha thelathini na sita, basi. Mpiga picha wake wa safari iliyotangulia alikuwa akirudi na picha kumi za kutazamika na nyingine zote za mikia inayokimbia. "Mimi," Dokta akasema, "mtu wa kuogelea naweza kumtengeneza. Mtu wa kusubiri simpati popote." Akaniuliza kama najua kuogelea. Nikasema ndiyo. Hadi leo sijui kwa nini. Nilikuwa sijawahi kuingia kwenye maji yaliyovuka magoti, na Mzee Luhende, aliyejua hivyo, alikohoa mpaka akatoka nje.

Bwana Maduhu wa Sapiwi, kaka yake Mama Kulwa, ndiye aliyeniokoa. Alikuwa na ng'ombe wengi na lambo karibu na boma lake, na alijua njia moja tu ya mtu kuvuka maji, ile wachungaji wanayotumia mto ukifurika: unamshika ng'ombe mkia, yeye anaogelea, wewe unapiga miguu. Akanipa dume lake moja lililohasiwa, jeupe lenye mabaka meusi ubavuni, jina lake Tulia. Kila Jumapili baada ya ibada nilipanda baiskeli mpaka Sapiwi, nikabadilisha nguo kwenye ghala la pamba, na kuingia lamboni nyuma ya Tulia. Mwanzoni tulivuka mara moja na nikatapika. Mwezi wa tatu tulivuka mara sita. Tulia akinichoka alisimama katikati, kwenye tope, akacheua, nami nikasubiri kwa adabu, maana kusubiri nilikujua. Wanawake waliokuja kuchota maji walikaa kwenye ukingo na kutazama kana kwamba wamelipa kiingilio. "Mwangaluka, mayu," mmoja alinisalimia siku moja nikiwa nimening'inia mkiani. Nikaitika, "Mwangaluka." Akauliza, "Huyo ng'ombe anakuogesha, au wewe ndiye unamwogesha yeye?" Nikamwambia najifunza, nakwenda kupiga picha samaki baharini. Akalifikiria jambo hilo kwa makini. "Na samaki atakuja lini kuchukua picha yake?" Walicheka wote, hata mimi nikacheka, na maji yakaniingia. Nilipata kichocho kwenye lambo lile, nikameza vidonge vya zahanati vilivyonizungusha kichwa siku nzima, kisha Jumapili iliyofuata nikarudi. Nilikuwa nimeanza kuota ile bahari, na katika ndoto zangu ilikuwa na nyasi pembeni.

Msimu wa pamba ulipita, wakulima wakaja na viatu vyao, nikawapiga wote. Mwezi wa kumi nikaondoka. Mzee Luhende alinisindikiza stendi akiwa amevaa koti, jambo alilofanya kwa misiba tu, akanipa mkono na kusema, "Usiniaibishe kwa hesabu." Mama Kulwa alinipa mfuko wa michembe uliojaa, kwa sababu aliamini watu wa pwani hawana chakula cha kutafuna.

Kuhusu kuiona bahari kwa mara ya kwanza sitasema mengi. Ni maji mengi. Kilichonishangaza zaidi ni chumba. Kambi ya Dokta ilikuwa nyumba ya matofali ya matumbawe yenye vyumba vinne, na nikapangwa chumba kimoja na mwongoza wazamiaji wake, msichana wa palepale kisiwani, mwembamba wakati ule, mwenye sauti ya kuamrisha. Huyo ndiye Mwanakombo. Alikuwa amejifunza kuzamia kutoka kwa watafiti waliotangulia, na alikuwa akishuka kule chini kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi. Chumba chetu kilinukia karafuu na mpira wa vifaa vya kuzamia. Alionja michembe yangu, akaitafuna muda mrefu akitazama dari. "Hii ni viazi?" Nikasema ndiyo, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa. "Vimewakosea nini?" Lakini kesho yake nilikuta mfuko umepungua.

Siku ya pili, nikiwa napiga pasi chumbani, nilimsikia Dokta barazani akiongea na Mwanakombo. Ukuta ulikuwa mwembamba na wala hawakunong'ona. Dokta alisema huyu wa Bariadi atapimwa mambo mawili. Kwanza majini: azunguke boti mara mbili kwa kuogelea, bila mapezi ya miguuni wala chochote, na atakayesimamia ni Mwanakombo. Pili, mkanda wake wa kwanza. Akishindwa moja, anarudi kwao, na kamera anachukua Mwanakombo. Kisha nikamsikia Mwanakombo akisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo kabla, "Mimi nimeshajizoesha nayo, Dokta. Ikiwa haina mkanda." Niliunguza gauni. Nilikuwa nimefikiri nimeshaipata kazi ile, kumbe nilikuwa nimealikwa tu kuijaribu, na mtu niliyelala naye chumba kimoja ndiye aliyekuwa akiingojea. Nikajiona tayari nimerudi mbele ya Mzee Luhende, nikikata picha za pasipoti nne nne mpaka uzeeni.

Siku sita za mafunzo zilipita, za kuvuta hewa ya mtungi, kusafisha miwani chini ya maji, kupanda polepole. Hayo niliyaweza. Nikiwa na mapezi miguuni nilikwenda vizuri, na Mwanakombo mwenyewe alikiri kwamba miguu yangu ina nguvu za ajabu. Alichoshangaa ni mikono. "Mbona unainyoosha mbele hivyo? Unaogelea kama mtu anayesubiri kuvutwa." Nikamweleza habari za Tulia. Alicheka mpaka akaketi kwenye mchanga, akawaita na wengine niwaelezee. Baadaye akasema jambo la maana, kwamba kule chini mzamiaji hatumii mikono, na mpiga picha mikono yake ina kazi nyingine, kwa hiyo ng'ombe wangu alinifundisha sawasawa kuliko wazungu wengi. "Shida yako ni juu," akasema. "Juu, bila mapezi, utahitaji mikono."

Siku ya mtihani mawimbi yalikuwa madogo lakini hayakuwa madogo kwangu. Dokta alibaki ufukweni na makaratasi yake. Mimi, Mwanakombo na nahodha tulisogea mpaka maji yakawa ya bluu ya kutisha, Mwanakombo akasema, "Haya, shoga, shuka." Nilishuka. Nilipiga miguu, nikainyoosha mikono kwa mazoea, nikakumbuka hakuna mkia, nikaanza kuitupa huku na huku. Chumvi iliniingia machoni, puani, na nadhani hata masikioni. Niliuona ubavu wa boti ukipita, nyuma ya boti, ubavu mwingine, kisha tena. Hesabu ikanipotea, mimi niliyelelewa kwa hesabu. Nilichosikia ni sauti ya Mwanakombo juu yangu: "Basi! Umemaliza! Toa mkono." Akanivuta ndani kama gunia, nikatapika miguuni pa nahodha, na kutapika kule kulikuwa kutamu. Ufukweni Dokta aliuliza, "Vipi?" Mwanakombo alikuwa anakamua maji kwenye kanga yake. "Anaweza," akasema, na akaenda zake.

Mkanda nao ulikuwa kesho yake. Ulikuwa wa nyeusi na nyeupe, kwa kuwa huo tungeweza kuusafisha wenyewe palepale. Nilishuka na lile kasha la kamera zito, Mwanakombo ubavuni, na tulipofika kwenye mwamba nilisahau nani anasubiri kazi ya nani. Ilikuwa kama siku ya gulio. Vitatange wawili wawili kama wachumba, pono wakitafuna matumbawe kwa sauti niliyoisikia wazi, chewa mmoja mzee amekaa mlangoni pake amenuna. Na wote hawakutulia. Nilikaribia kubonyeza kwa papara, kisha nikasikia kikumbo cha Mzee Luhende kutoka Bariadi. Nikasubiri. Samaki naye ni mteja. Anakuja na haya zake, anakupa mgongo, anakutazama kwa jicho moja, na ukimwacha bila kumfuata atageuka mwenyewe akuoneshe ubavu wote, kichwa mpaka mkia. Hapo ndipo unapobonyeza. Bafu la kambi tuliligeuza chumba cha giza, tukaziba dirisha kwa blanketi, na mkanda ukaning'inizwa kwa vibanio vya nguo kati ya kanga mbili za Mwanakombo. Dokta aliupitia kwa kioo cha kukuzia tukiwa tunakula wali na pweza. Sisi tuliacha kutafuna. "Thelathini na nne," akasema. "Moja ni kidole chako na nyingine ni pezi la Mwanakombo." Aliyapangusa macho, nadhani kwa sababu ya pilipili. "Kamera ni yako, mwanangu."

Nilipiga kelele za furaha nikamkumbatia mpishi. Nakiri, na sioni fahari kukiri, kwamba sikumtazama Mwanakombo usoni. Nilimwona tu akiinuka, akiniongezea wali kwenye sahani. Wiki zote zilizofuata alizama nami bila kukosa, ingawa ulikuwepo mpango wa zamu na wenzake wawili. Zamu za wenzake alizibadilisha, akasema wanapoteza hewa ovyo. Nilidhani anapenda kampani yangu. Mwezi wa kumi na mbili nilirudi Bariadi nimeungua jua, nikiwa na nakala za picha, na Mzee Luhende akazipanga kaunta nzima, akazitazama moja moja bila haraka. "Hawa wametulia," akasema, na kutoka kwake hiyo ilikuwa zaidi ya cheti. Miaka miwili baadaye alinikabidhi funguo za studio, na nakala zile bado ninazo.

Basi Jumamosi ya wiki ile tulikuwa tumekaa barazani kwangu saa kumi jioni, mimi, Mwanakombo na Rehema, tunakunywa chai. Nikawa namsimulia Rehema siku ya mtihani. Naisimulia vizuri ile hadithi, nimeizoea, na huwa nasimama nikionesha mikono. "Nikazunguka boti mara mbili," nikasema, "mimi mtoto wa Bariadi." Mwanakombo alimeza chai. "Mara ngapi?" akauliza. Nikasema mbili. "Ilikuwa mara moja," akasema, "na kipande. Ulipofika kwenye injini safari ya pili ulianza kwenda chini umesimama wima, kama mtu anayeshuka ngazi."

Nilimkatalia. Nilimwambia amezeeka, amesahau. Alijimiminia chai nyingine. Nilipotulia nikamuuliza, kama ni kweli, kwa nini alisema naweza, na yeye ndiye angeipata kamera. "Niliitaka," akasema. "Wallahi niliitaka, nililia chooni. Lakini nilikuwa nakuona kila jioni unavyoipangusa ile kamera ambayo hata haijawa yako, unaongea nayo Kisukuma. Nikasema mtu huyu akirudishwa kwao, atabaki anapangusa pengo ilipokuwa kamera. Mimi bahari ninayo mlangoni." Akaweka kikombe chini. "Ila nikishasema anaweza, ukizama nimekuzamisha mimi. Ndiyo maana nikashuka nawe siku zote zile. Wenzetu wakinihadithia samaki walioonekana, naitikia tu. Sikuwaona, shoga yangu. Wiki sita nilikuwa nakutazama wewe."

Rehema alikuwa ameacha kunywa. Mimi nililia, tena kwa sauti, na sikujificha. Nilimwambia kwamba miaka yote hii nilikuwa nadhani alikuwa anapenda tu kuwa karibu nami. "Na hilo pia," akasema. Akajifuta mikono kwenye buibui, akaisogeza sahani pembeni kupata nafasi mezani. "Haya, nenda kawalete hao samaki niwaone."